Chama Kisichowahi Kupigiwa Kura: Uchambuzi wa Kisa cha Umma Party, 1963–1964

Umma Party ya Zanzibar ilizaliwa katikati ya mwaka 1963, ikapigwa marufuku mwanzoni mwa Januari 1964, ikaingia katika serikali ya mapinduzi siku chache baada ya marufuku hiyo, na mwezi Machi mwaka huo huo ikajivunja kwa hiari na wanachama wake wakajiunga na Afro-Shirazi. Katika muda huo wote, ambao haukutimia mwaka, haikusimamisha mgombea hata mmoja katika uchaguzi wowote, wala hakuna mwananchi wa Unguja au Pemba aliyewahi kutia alama kwenye karatasi ya kura iliyokuwa na jina lake. Pamoja na hayo, kiongozi wake, Abdulrahman Mohamed Babu, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali mpya, na vijana wake walishika nafasi katika Baraza la Mapinduzi, katika jeshi na katika balozi. Je, chama cha namna hiyo tuseme kilishinda au kilishindwa?

Kisa hiki kilijadiliwa hapa Tanga, katika mazungumzo ya historia ambayo wazee wachache na vijana wa Ngamiani na Chumbageni huyafanya Jumamosi jioni, na makala haya ni maandalizi yangu niliyoyapanua baada ya kusikia hoja za wenzangu. Aliye mbali huenda akaona ajabu watu wa Tanga kujishughulisha na chama cha Visiwani. Lakini kwa njia ya bahari Pemba iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na nyumba nyingi za Ngamiani zina shangazi Wete, mjomba Chake Chake, au kaburi la babu Mkoani. Siasa za Visiwani zilikuwa zikifika hapa pamoja na majahazi, na zilikuwa zikizungumzwa kwenye mabaraza yetu kama habari za jamaa.

Umma Party haikuota jangwani. Ilimeguka kutoka Zanzibar Nationalist Party, ZNP, chama ambacho watu wengi wamezoea kukiita Hizbu, kilichoundwa Desemba 1955 na ambacho msemaji wake mkuu alikuwa Sheikh Ali Muhsin Barwani. Babu, aliyezaliwa Unguja mwaka 1924, alikwenda London mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafanya kazi huko, akasoma na kukutana na watu wa mrengo wa kushoto, kisha mwaka 1957 akarudi na kuwa katibu mkuu wa Hizbu. Wakati huo chama kilikuwa kimetoka kushindwa vibaya: katika uchaguzi wa Julai 1957, Afro-Shirazi ilichukua viti vitano kati ya sita vilivyogombaniwa na Hizbu haikupata hata kimoja. Kazi aliyoifanya Babu katika miaka minne iliyofuata ni ya kupigiwa mfano kwa mtu yeyote anayetaka kujua jinsi chama kinavyojengwa. Alipanga matawi, akasimamia jumuiya ya vijana, akavuta vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa chini ya shirikisho la FPTU, akahariri jarida la Zanews, akafungua njia za vijana kwenda kusoma Cairo, China na nchi za Ulaya Mashariki, na wengine wakaenda Cuba. Katika uchaguzi wa Juni 1961 chama kile kile kilichoambulia patupu mwaka 1957 kilipata viti 10, sawasawa na Afro-Shirazi, na kwa viti vitatu vya ZPPP, yaani Zanzibar and Pemba People's Party, kikaunda serikali.

Hapa pana jambo linalohitaji kukaziwa macho. Nguvu ambayo Babu aliijenga ilikuwa ya aina mbili zilizokaa katika nyumba moja. Upande mmoja walikuwapo wenye mashamba ya mikarafuu, wafanyabiashara, masheikh na raia wa kawaida wa mjini na vijijini waliompenda Mfalme na waliotaka Mwingereza aondoke bila nyumba yao kutikiswa. Upande wa pili walikuwapo vijana wa mjini, makarani, mabaharia, wafanyakazi wa bandarini na wanafunzi, ambao kwao kuondoka kwa Mwingereza kulikuwa mwanzo tu wa kazi. Maadamu adui alikuwa mkoloni, pande zote mbili zilikuwa na haja ya mwenzake: wakubwa walitoa fedha na heshima, vijana wakatoa miguu na sauti. Kwa hiyo swali la nani mwenye nyumba halikuulizwa mpaka uhuru ulipokaribia.

Mwaka 1962 Babu alishtakiwa kwa uchochezi na akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Alipotoka, Aprili 1963, alikikuta chama chake kimekaa serikalini kwa muda wa kutosha kuzoea viti. Uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru ulipangwa kufanyika Julai, na mgogoro ulizuka juu ya jambo ambalo katika vyama ndiko ugomvi mkubwa hujificha, yaani orodha ya wagombea. Babu na wenzake walitaka wagombea wachaguliwe kwa namna ambayo ingeonyesha kwamba Hizbu ni chama cha watu wote, wakiwamo Waafrika wa vitongoji vya mjini. Wakubwa wa chama hawakukubali. Hoja za sera za kigeni, za ardhi na za vyama vya wafanyakazi zilikuwapo pia, lakini kilichovunja chungu kilikuwa orodha. Babu alijiuzulu zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya kupiga kura, na Umma Party ikatangazwa.

Walioondoka naye walikuwa watu wa kazi. Khamis Abdallah Ameir na Badawi Qullatein walitoka upande wa vyama vya wafanyakazi. Ali Sultan Issa alikuwa kijana aliyetembea dunia nzima kwa shughuli za chama. Ali Mahfoudh alikuja kuwa afisa wa jeshi. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, alikuwa bado kijana mdogo sana. Mitaani waliitwa Makomredi, na jina hilo liliwaganda hata baada ya chama chao kutoweka. Chama kilifungua mlango kwa watu wa kabila na asili yoyote, jambo ambalo katika Zanzibar ya mwaka 1963 lilikuwa msimamo mzito kuliko tunavyoweza kudhani leo, kwa sababu kila chama kingine, hata kilipokana, kilikuwa kimeshapewa rangi na watu.

Kwa nini chama hiki kipya hakikugombea? Jibu la haraka ni kwamba muda haukutosha, na ni kweli haukutosha. Lakini nadhani lipo jibu la pili. Chama kinachotoka katika kingine huwa na hiari mbili: kuchukua wapiga kura au kuchukua watendaji. Umma ilichukua watendaji. Mkulima wa Kaskazini Unguja aliyekuwa akiipigia kura Hizbu hakumfuata Babu. Aliyemfuata ni katibu wa tawi, mpiga chapa, kijana wa gwaride na kiongozi wa chama cha makuli. Ukiwa na watu wa namna hiyo unaweza kuendesha gazeti, mgomo, maandamano, na, kama ilivyotokea, hata vita vya mitaani, lakini huwezi kujaza sanduku la kura. Waasisi wake waliijua hali hiyo, na sioni dalili kwamba iliwasumbua sana, kwa kuwa chama cha makada ndicho kilichokuwa mfano wao.

Uchaguzi wenyewe, uliofanyika kati ya tarehe 8 na 11 Julai 1963, unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndio uliowapa Makomredi hoja yao kubwa. Viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya kura 87,000, yaani kama asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13. Hizbu na ZPPP kwa pamoja walipata zaidi ya kura 73,000 na viti 18, Hizbu vikiwa 12 na ZPPP sita. Sababu yake haikuwa na uchawi wowote: Afro-Shirazi ilirundika kura zake katika majimbo iliyokuwa na uhakika nayo, hasa Unguja, ambako ilishinda kwa wingi uliopita kiasi, na wapinzani wake wakashinda majimbo mengi, hasa ya Pemba, kwa tofauti ndogo zaidi. Ushindi ulikuwa halali kwa sheria ya uchaguzi iliyokuwapo. Hata hivyo, serikali iliyokuwa ikienda kupokea uhuru ilikuwa imekataliwa na zaidi ya nusu ya waliopiga kura, na hakuna hesabu ya majimbo inayoweza kuwafanya watu hao wajione wameshindwa. Mohammed Shamte wa ZPPP aliendelea kuwa waziri mkuu, na uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963.

Mmoja wa wazee wetu, ambaye ukoo wake una mguu mmoja Pangani na mwingine Wete, aliuliza katika mjadala kwa nini tusikitazame kisa hiki pamoja na kile cha bara tunachokijua vizuri zaidi sisi watu wa Tanga. Alikuwa akiukumbuka mgawanyiko wa TANU wa mwaka 1958, na nilimshukuru, kwa sababu ulinganisho huo unafungua mengi. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Ndani ya TANU wengi walitaka uchaguzi huo ususiwe. Wazee wa siasa wa Tanga wamesimulia kwamba kabla ya mkutano mkuu wa Tabora, Mwalimu Nyerere alifika hapa na kushauriana na viongozi wa TANU wa Tanga, wakiwamo Mwalimu Kihere, Hamisi Heri na Sheikh Abdallah Rashid Sembe, ili wamsaidie kuwashawishi wajumbe wakubali kuingia katika uchaguzi huo. Mkutano wa Tabora ulifanyika Januari 1958, na azimio lake la kuingia katika kura tatu likaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuukubali. Alitoka TANU, akaunda chama cha African National Congress, akadai Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao.

Mtemvu alikwenda kuhesabiwa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 chama chake kilipata kura 337 nchi nzima. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 yeye mwenyewe alipata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978 za Nyerere. Mwaka 1963, baada ya TANU kutangaza nia ya kuwa chama pekee, alirudi TANU, na chama chake kikaishia hapo. Ukiviweka vyama hivi viwili upande kwa upande, unaona kwamba kilichopigiwa kura kilipata aibu, na kisichopigiwa kura kilipata wizara. Huo ni ukweli usiopendeza, na baadhi ya vijana katika mjadala walicheka, ingawa tofauti ya mazingira ni kubwa: Mtemvu alikuwa akipambana na chama kilichokuwa na nchi nzima nyuma yake, ilhali Babu alikuwa akikiacha chama kilichokuwa na nusu pungufu ya nchi. Wala vyama hivi havikuwa vya mwelekeo mmoja. Ukali wa Mtemvu ulikuwa wa rangi kuliko wa tabaka. Umma ilisema wazi kwamba mgogoro wa Zanzibar ni wa mwenye ardhi na asiye na ardhi, na kwamba habari za Mwarabu na Mwafrika ni nguo iliyovishwa mgogoro huo.

Tukirudi Visiwani, miezi ya Agosti hadi Desemba 1963 ndiyo miezi ambayo Umma iliishi kama chama kamili. Ilikuwa na ofisi, ilikuwa na maandishi yake, na zaidi ya yote ilikuwa na uhusiano na mrengo wa kushoto wa Afro-Shirazi, yaani watu kama Abdallah Kassim Hanga na Hassan Nassor Moyo, pamoja na vyama vya wafanyakazi vya pande zote mbili ambavyo zamani vilikuwa vikirushiana mawe. Ukiniuliza mimi, hili ndilo jambo kubwa ambalo Umma ililifanya kwa nguvu zake yenyewe. Kwa miaka sita siasa za Zanzibar zilikuwa zimegawa hata maduka, visima na mazishi. Katika machafuko ya Juni 1961 watu 68 waliuawa. Kuwakalisha meza moja kiongozi wa makuli wa Afro-Shirazi na kiongozi wa wafanyakazi aliyetoka Hizbu, miaka miwili tu baada ya damu ile, kulihitaji zaidi ya ufasaha wa maneno.

Serikali ya Shamte haikuchelewa kuiona hatari. Ilijipa nguvu za kisheria za kuvifungia vyama, na mwanzoni mwa Januari 1964 ikaitumia silaha hiyo dhidi ya Umma: chama kikapigwa marufuku, ofisi zikapekuliwa, na Babu akavuka bahari kwenda Dar es Salaam kabla hajakamatwa. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikiwaachisha kazi askari polisi wenye asili ya bara. Ni vigumu kufikiri njia bora zaidi ya kujitengenezea maadui, kwani katika mwezi mmoja iliwafukuza watu waliojua kutumia bunduki za serikali na ikawafungia mlango watu waliojua kupanga siasa.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea. Yaliyoanzishwa usiku ule katika kituo cha polisi cha Ziwani na katika ghala la silaha la Mtoni yalikuwa kazi ya watu wa upande wa Afro-Shirazi, na jina lililosikika redioni lilikuwa la John Okello, mzaliwa wa Uganda. Umma kama chama haikuyapanga mashambulizi hayo, na kiongozi wake hakuwapo kisiwani. Ila kulipopambazuka, vijana wa Makomredi, ambao baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo Cuba, waliingia katika mapambano ya mjini na kuyapa sura ya mpango. Kiasi gani cha ushindi kiwekwe kwenye hesabu yao ni jambo linalobishaniwa hadi leo, na kila anayesimulia huwa na upande wake. Mimi huridhika na kusema kwamba bila wao mapinduzi yangefanyika, ila bila wao serikali ya siku za mwanzo isingekuwa na watu wa kutosha waliojua kuandika waraka, kupokea balozi na kupanga ofisi.

Babu alirejea Unguja mara baada ya mapinduzi. Sheikh Abeid Amani Karume akawa rais, Hanga akashika nafasi ya pili, na Babu akapewa mambo ya nje. Baraza la Mapinduzi liliwachukua Makomredi kadhaa. Salim Ahmed Salim alipelekwa Cairo kuwa balozi akiwa na umri wa miaka 22. Ali Sultan Issa alipelekwa Pemba kushika madaraka ya serikali. Katika magazeti ya Magharibi, Zanzibar ikaanza kuitwa Cuba ya Afrika, na macho yao yalikuwa kwa Babu kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Ndipo tunapofika Machi 1964. Mwezi huo serikali ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya taifa, Okello akazuiwa kurudi kisiwani, na Umma Party ikavunjwa na kuunganishwa na Afro-Shirazi. Kwa mtazamo wa kwanza hakuna kilichopotea: sera kubwa ya ardhi ilikuwa imetangazwa, makomredi walikuwa serikalini, na chama chao hakikuwa na matawi ya kuyaonea uchungu. Katika mjadala wetu tuliandika ubaoni tarehe tatu, yaani kujitenga kwa Juni 1963, marufuku ya Januari na kujivunja kwa Machi, tukaulizana ni ipi iliyokiua chama hiki. Vijana wengi walichagua Machi. Mzee wetu wa Wete alikataa kuchagua.

Hoja ya mzee ndiyo niliyoiona nzito, na naiandika hapa kwa kadiri nilivyoielewa. Alisema kwamba tunazungumza kana kwamba watu wale walikaa kwenye kivuli wakapima faida na hasara, ilhali wengi wa Makomredi walikuwa na majina, nyuso na koo zilizohesabiwa kuwa za Kiarabu au za Kingazija katika majira ambayo mtu aliweza kuuawa kwa sura yake. Kadi ya Umma isingemlinda mtu njiani usiku. Kadi ya Afro-Shirazi ingemlinda. Chama kilichosema kwamba rangi haina maana kilijikuta kinahitaji hifadhi ya chama ambacho wafuasi wake walikuwa wameingia vitani kwa ajili ya rangi. Kukataa kuungana kungekuwa kujitangaza kuwa upinzani dhidi ya mapinduzi, na hakuna aliyekuwa na shaka juu ya malipo ya upinzani katika wiki zile.

Naikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Inaeleza kwa nini hawakuweza kubaki nje. Haielezi kwa nini waliingia mikono mitupu, bila sharti lolote la wazi, bila kubaki hata na gazeti au jumuiya ndani ya chama kikubwa. Maelezo ya hilo, kwa maoni yangu, yanarudi katika namna walivyotoka Hizbu. Walizoea kuwa akili na mikono ya chama chenye wafuasi wa mtu mwingine. Katika Hizbu walikuwa watendaji wa wafuasi wa Ali Muhsin. Walipoingia Afro-Shirazi wakawa watendaji wa wafuasi wa Karume. Katikati yake walikuwa na miezi michache ya kuwa na jina lao wenyewe, na hawakuitumia kupata wafuasi, kwa sababu waliamini kwamba anayeshika uongozi wa mambo hana haja ya kuhesabu vichwa. Mtu wa namna hiyo akishaingia serikalini, nguvu yake yote ni barua ya uteuzi aliyonayo mfukoni, na barua hiyo anaiandika mwingine.

Haikuchukua muda kuonekana. Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964 na Muungano ukaanza tarehe 26, Babu akiwa safarini Asia. Baada ya hapo alihamishiwa katika serikali ya Muungano, Dar es Salaam, ambako aliendelea kuwa waziri kwa miaka kadhaa, mwenye heshima na usemi katika uchumi na uhusiano na China, lakini mbali na visiwa ambavyo kisiasa vilikuwa ndiyo nyumba yake. Makomredi wengine walitawanywa: huyu balozini, yule wilayani, mwingine jeshini bara. Kila uteuzi ukiutazama peke yake ulikuwa wa heshima. Ukiutazama pamoja na mingine, ulikuwa njia tulivu ya kuhakikisha kwamba watu wale hawakai tena chumba kimoja.

Jambo moja zaidi lisipite hivi hivi, maana huwa linasahauliwa na wanaowapenda Makomredi, na mimi ni mmoja wa wanaowapenda. Waliiacha Hizbu wakilalamika kwamba wanachama hawasikilizwi katika kuchagua wagombea. Chini ya mwaka mmoja baadaye walijiunga na utaratibu ambao haukuwa na wagombea kabisa. Zanzibar ilikaa hadi mwaka 1980 ndipo ikapata Baraza la Wawakilishi. Inawezekana kila mmoja wao alilijutia jambo hilo kwa wakati wake, na Babu katika miaka yake ya baadaye aliitetea waziwazi demokrasia ya vyama vingi. Ila mwaka 1964, walipokuwa na sauti ndani ya Baraza la Mapinduzi, kura haikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapigania, na hili nalo ni sehemu ya kisa.

Februari 1972 Babu aliondolewa katika baraza la mawaziri. Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa kwa risasi mjini Zanzibar, na katika siku zilizofuata waliokuwa Umma wakakusanywa, Visiwani na bara. Babu alikamatwa bara, na Nyerere hakumpeleka Zanzibar. Katika kesi ya uhaini iliyofanyika huko alihukumiwa kifo bila ya yeye kuwapo mahakamani. Chama kilikuwa kimevunjwa kwa miaka minane, hakina ofisi, kadi wala katibu, na bado uanachama wake wa zamani ulitosha kumtia mtu shakani. Chama hicho kilikuwa marehemu aliyezikwa rasmi mwaka 1964, lakini walinzi hawakuamini.

Wengi wa vijana wetu hawakujua kwamba TANU na Afro-Shirazi zilipoungana tarehe 5 Februari 1977 na kuunda Chama Cha Mapinduzi, Umma Party, iliyokuwa imeingia Afro-Shirazi miaka 13 kabla, iliingia nayo kimyakimya katika chama hicho kipya bila jina lake kutajwa. Siku hiyo mwanzilishi wake alikuwa bado kizuizini, na aliachiwa mwaka uliofuata.